Jinsi ya kumuogesha ng'ombe wa maziwa dawa ya kupe bila kumjaza sumu kwenye mafuta

Wafugaji wenzangu, hasa mnaofugia bandani, tuongee kuhusu ng'ombe jike na hizi dawa za kupe. Dawa nyingi za wadudu zinapenda mafuta, zikiingia mwilini zinaenda kujificha kwenye mafuta ya mnyama, na jike akishazaa anatoa maziwa mengi kuliko anachokula, kwahiyo mwili unayeyusha akiba ya mafuta, yanaingia kwenye damu, yanapita kwenye ini, na ile sumu iliyolala inaamka nayo na kutokea kwenye maziwa. Ndama ndo anakunywa wa kwanza. Hata maabara, panya jike waliopewa klopirifosi au saipamethrini, ambazo ni dawa za wadudu, wamepimwa damu wakakutwa kolesteroli na mafuta mengine yamevurugika.

Kupe lazima uwaue, ndigana kali, ugonjwa wanaouleta, haina huruma. Ila fanya hivi.

Bomba la ng'ombe liwe la ng'ombe tu. Mimi kijana wangu alichukua bomba lililotoka kupiga dawa nyanya, akalisuuza mara moja basi, jioni namkuta mtamba mate yanamdondoka kama uzi, macho yanatoa machozi, misuli ya paja inatetemeka na anaharisha maji. Daktari wa mifugo akaja akamchoma atropini, sindano ya kupambana na sumu hiyo, akapona, lakini ule usiku sijausahau. Ukiona hizo dalili muoshe kwa maji mengi na sabuni, piga simu hapo hapo, usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula, maana mafuta yanaweza kuisaidia sumu kuingia.

Kipimo usikikisie kwa kifuniko. Amitrazi, dawa ya kupe, ya asilimia 12.5 ni mililita (mil) 2 kwa lita moja ya maji, yaani bomba la lita 15 unaweka mil 30, nunua sirinji upimie. Dawa nyingine soma kibandiko chake. Na amitrazi usimpake punda wala farasi, inawafunga tumbo.

Mpe maji anywe ashibe kwanza, kamua, halafu pulizia asubuhi kabla jua halijawa kali. Anza ndani ya masikio, ndo nyumbani kwa kupe wa ndigana, kisha kwapani, chini ya mkia, katikati ya miguu ya nyuma. Kabla ya kukamua tena osha kiwele na chuchu, ukaushe. Siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa zimeandikwa kwenye chupa, ziheshimu.

Kingine tunachosahau ni majani. Mahindi yaliyopigwa dawa ya viwavijeshi unakata leo unampa leo, hapo umemlisha sumu kwa mkono wako. Muulize mwenye shamba kapiga lini na dawa gani.

Wiki za kwanza baada ya kuzaa mpe chakula cha kutosha, majani mazuri na pumba, ongeza taratibu, asikonde kwa haraka. Akikonda ghafla ndo mafuta yanamwagika kwenye damu.

Ukitaka kumpima damu uone kama mafuta yamevurugika, mwambie daktari amezaa lini. Kolesteroli ya ng'ombe hushuka yenyewe karibu na kuzaa halafu hupanda maziwa yakiongezeka, kwahiyo mlinganishe na mwenzake aliyezaa kipindi hicho hicho, na mpelekee daktari chupa ya dawa uliyotumia aione.