Kihusishi cha Kiingereza kikitangulia, angalia kinachofuata

Ukiandika Kiingereza, kihusishi kama for, with au between kikishatokea, kiwakilishi kinachofuata hubadilika: me, him, her, us, them. Kwa hiyo ni between you and me, si between you and I, kosa ambalo hata waliozaliwa na lugha hiyo hulifanya. Ukiwa na shaka, mwondoe yule mwingine: for John and I ikibaki for I, utasikia mwenyewe kwamba haikai.

Kitenzi nacho huchukua -ing: after eating, without asking.

Penye mtego hasa ni to, maana ina kazi mbili. Katika want to see ni alama ya kitenzi tu. Katika look forward to seeing ni kihusishi kamili. Kuzitofautisha, weka it baada yake. I look forward to it inasimama, basi tumia -ing. I want to it haisimami, basi kitenzi kibaki kitupu. Used to ndiyo inayowachanganya wengi: I'm used to waking up early ni mtu aliyekwisha kuzoea kuamka mapema, lakini I used to wake up early ni desturi ya zamani ambayo ameshaiacha.