Namna ya kumsoma mtu anayesoma katuni ya dhihaka

"Ami, hili neno maana yake nini?"

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka minane, mdomo umejaa mahamri, kidole amekikita ukurasani. Mimi nilikuwa nachuja chai. Nikainama nione anachoulizia, na wallahi nusu ya chai ikaishia sakafuni. Neno lenyewe siliandiki hapa. Mama yake alikuwa amekaa mkabala nasi, anangoja jibu pamoja na mwanawe.

Kosa lilikuwa langu. Jumamosi ile nilikuwa nimenunua bunda la majarida ya katuni kwenye soko la Tynemouth, lile linalopangwa wikendi ndani ya stesheni ya treni za Metro, karibu na Newcastle ninakoishi. Bunda limefungwa kwa uzi, juu The Beano, chini The Beano, nikajua ni ya watoto yote. Kumbe katikati limejibana toleo moja la Viz. Ukiyatupia jicho ni pacha: rangi kali, watoto wenye vichwa vikubwa, majina yenye vina. Lakini la kwanza linachapishwa na D. C. Thomson wa Dundee, Scotland, kwa ajili ya watoto, tangu 30 Julai 1938. La pili lilizaliwa hapahapa Newcastle, Desemba 1979, katika chumba cha kulala cha kijana aitwaye Chris Donald, akisaidiana na mdogo wake na rafiki yao. Nakala 150 tu, na shughuli yake kubwa ilikuwa kuyaiga majarida yale ya watoto na kuyapindua kichwa chini, kwa lugha ya wakubwa.

Tangu siku hiyo sigawi jarida bila utaratibu. Wageni wangu wengi wameshapita kwenye meza ileile, na ninachokiona ninakiandika kwenye daftari. Utaratibu wenyewe ndio huu, kwa yeyote anayetaka kumwonyesha rafiki kitu cha namna hii, na hasa kwa mchoraji wa kwetu mwenye hamu ya kuvichezea shere vitabu vya utotoni na hajui watu watavipokeaje.

Anza na kabati. Ya watoto rafu ya chini, ya wakubwa juu, na usiyapange kwa kutazama jalada peke yake. Fungua ukurasa wa barua za wasomaji, soma mbili. Hapo hutakosea.

Kisha, na hapa ndipo watu wengi huharibu, mpe mgeni ile inayodhihakiwa kabla ya dhihaka yenyewe. Usimpe toleo moja, mpe matatu. Toleo moja ni hadithi tu, lakini kwenye la tatu ndipo anapoanza kuona kalibu iliyofyatulia yote. Dennis the Menace, aliyeingia The Beano Machi 1951, anafanya utundu, unamrudia, na kwa miaka mingi kisanduku cha mwisho cha picha kilikuwa baba ameshika sapatu mkononi. Mtoto mwingine anafanya jema bila kukusudia, naye anatunukiwa sahani: kilima cha viazi vya kupondwa na soseji zimechomoza kila upande kama vidole vya mtu aliyezikwa. Mwambie mgeni kwamba nyama Uingereza ilikuwa ya mgao tangu vita hadi Julai 1954. Hapo sahani ile haitakuwa kichekesho tena, itakuwa ndoto ya mtoto mwenye njaa, na ataelewa kwa nini karibu nakala milioni 2 zilinunuliwa kila wiki mnamo 1950.

Usimharakishe. Kaa ungoje asikike akisema, hata kwa kunong'ona, "Sasa huyu atapigwa." Mgeni akishaanza kukutangulia kwenye mwisho wa hadithi, ameiva. Kabla ya hapo ukimpa dhihaka utakuwa umemsimulia mtu jibu la kitendawili ambacho hukumtegea.

Ukurasa wa kwanza wa dhihaka uuchague wewe. Usianze na mchafu kuliko yote. Mtu akishtuka hasomi tena, anajilinda. Mimi huanza na mfuko wa taka.

Katika The Dandy, dada mkubwa wa The Beano aliyezaliwa Desemba 1937, palikuwa na mbwa mchungaji aitwaye Black Bob. Hadithi zake hazikuwa na maputo ya maneno. Picha juu, maelezo chini yake, kwa sauti ya heshima kama ya mzee anayemsifu marehemu. Bob anaokoa kondoo, Bob anaokoa mtoto, Bob haombi shukrani. Basi Viz wakachukua milima ileile, mchungaji yuleyule wa kofia na fimbo, sauti ileile ya heshima, na mahali pa mbwa wakaweka mfuko mweusi wa plastiki wa kutilia taka. Wakauita Black Bag. Mfuko hausemi, hauna macho, hauna mkia. Upepo ukivuma unasogea kidogo, na maelezo ya chini yanakuhakikishia kwamba umefanya hivyo kwa uaminifu. Mchoraji hakukonyeza jicho hata mara moja, nyasi zimechorwa moja moja kwa subira. Mimi nilikuwa na kitabu kimoja cha Black Bob kilichong'oka mgongo, nilikinunua pauni tatu, na huyo mbwa nilimtanguliza kila mara. Asiyemjua mbwa ataona mfuko tu.

Mgeni akianza kusoma, usikae mbele yake. Ukikaa mbele atasoma uso wako badala ya jarida. Kaa ubavuni, shika kazi ya mikono. Mimi humenya viazi. Na usieleze mzaha. Nilikuwa na ugonjwa huo, wa kunyoosha kidole na kusema "Umeona hapa?" Anayeulizwa hivyo atacheka, ndiyo, lakini kicheko hicho umekipika mwenyewe na unakila mwenyewe.

Kuna kicheko cha adabu: kinawahi, na macho yanakutafuta kwanza. Kukiandika ni kupoteza wino. Kuna kicheko cha aibu, mkono mdomoni na ukurasa unafunuliwa haraka. Hicho kinakwambia kwamba neno limefika ila mtu hataki kuonekana nalo. Kuna cha pua, kifupi, chenyewe kimetoka bila ruhusa, na hicho nakiamini. Lakini zaidi ya vicheko vyote nautazama mkono. Msomaji aliyefika mbele halafu akarudisha ukurasa nyuma kwenda kuhakikisha kitu, huyo ameshikwa, hata kama uso ni mkavu kama kaimati za jana.

Akimaliza, usimwulize kama amependa. Watu wetu ukiwauliza hivyo watakujibu "Nzuri, mashallah," hata kama wameumia. Mwambie, "Hebu nisimulie kilichotokea." Katika kusimulia ndipo utajua alisoma nini, maana ataruka alichokiona upuuzi na kukaa palipomkuna. Halafu swali la pili, la mwisho: "Ungepewa kifutio, ungefuta kisanduku gani?" Swali hilo linatoa kero bila kumlazimisha mtu akukosoe. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, usiyapige pasi.

Watu watatu nitakusimulia kwa urefu kidogo, kwa sababu wao ndio walionifundisha kusoma daftari langu mwenyewe.

Wa kwanza ni mzee jirani, mwenyeji, miaka sabini na kitu. Nilidhani ndiye msomaji wangu mzuri kuliko wote, amekulia kwenye majarida yale. Akacheka kurasa mbili tatu, akafika kwenye mfuko mweusi, akanyamaza. Akalifunga jarida. Akanieleza kwamba alipougua surua akiwa mdogo, bibi yake alikuwa akimsomea Black Bob kando ya moto wa makaa, na kwamba si kila kitu cha kuchezea. Usiku ule niliandika "Hakuipenda." Asubuhi nikalifuta. Yeye ndiye aliyeielewa kuliko wageni wote. Mshale ulimchoma penye nyama yenyewe. Msomaji wa namna hiyo akikasirika usijitetee na usiombe radhi, msikilize, maana anakuonyesha mahali hasa ambapo dhihaka yako ina uzito. Alipoondoka alichukua kile kitabu kilichong'oka mgongo. Hajakirudisha, nami sijamdai.

Wa pili ni kijana wa Dodoma anayesomea uhandisi hapa. Ananiita "mzee", ingawa mvi zangu bado zinahesabika. Huyu alicheka hadi akashika mbavu, ila alicheka pasipo na mzaha. Viz huandika matamshi ya watu wa Newcastle kama yanavyotoka kinywani, na kijana wangu alikuwa na mwaka mzima anadhani masikio yake mabovu kila anapopanda basi. Kuona lafudhi ile imechapwa karatasini kulimpa nafuu. Kicheko kama hicho kiwekee safu yake pembeni. Ni cha kweli lakini si cha dhihaka, na mchoraji akikihesabu pamoja na vingine atajidanganya.

Wa tatu ni shemeji, mama wa yule mtoto wa mahamri, alipokuja tena mwaka jana peke yake. Alikaa mezani akaniangalia. "Shemeji, leo hakuna neno la kumwaga chai?" Nikamwapia. Nikampa matatu ya The Beano, akayapitia kama anayekagua daftari za wanafunzi. Nikampa mbwa. Nikampa mfuko. Hakuna kitu. Hata pua haikutikisika. "Mfuko tu huu," akasema, akafunua.

Akafika kwa Biffa Bacon. Hapo inabidi ujue kwamba The Dandy ilikuwa na jitu dogo lionevu, Bully Beef, linalomdunda mwenzake Chips kila wiki, na mwishoni linapata cha mtema kuni. Biffa ndiye mwigo wake, ila kwake hakuna wa kumtia adabu: baba na mama, wote wawili wababe, ndio wanaomfundisha ngumi, na siku akionyesha upole wanamdunda yeye. Shemeji akaweka kidole juu ya yule mama mwenye mikono kama magogo. "Huyu namjua. Alikuwa na kibanda cha viazi karai kule Majengo." Akanisimulia habari zake nusu saa nzima, jarida limesahaulika mapajani.

Hapo nikajifunza kwamba zipo dhihaka zinazosimama bila mama yao. Black Bag bila Black Bob ni uchafu tu. Biffa hahitaji utangulizi, kwa sababu mzazi wa namna ile yupo kila mtaa. Ukichora zako, jipimie: ni ngapi zitakufa msomaji asipokijua kitabu cha zamani, na ni ngapi zitaishi. Zote mbili zina nafasi, ila usizichanganye halafu ukashangaa kwa nini watu wa Nairobi walicheka na wa Muscat wakakutazama.

Kuhusu malalamiko, jifunze kwa wenyewe. Wasomaji wa Viz walizoea kusema kwamba jarida halichekeshi kama zamani. Wahariri badala ya kubishana wakaidaka kauli hiyo wakaifanya msemo wao, wakajinadi nayo. Na halikuwa jarida linalokufa, maana mnamo 1990 lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni moja. Lalamiko likijirudia kwenye daftari lako mara tatu kwa maneno yaleyale, lichore. Ukumbuke pia kwamba mwenye kitabu cha asili naye ni msomaji. D. C. Thomson walipoona wahusika wao wanaigwa mfululizo walitishia kwenda mahakamani. Badili jina, badili sura, chora kwa mkono wako. Unachokitaka ni kalibu, usiibe na tofali.

Kwetu kalibu zipo tele. Mimi nikipewa kalamu nitaanza na vitabu vya shule, mtoto mtiifu anayechota maji, mtoto mkaidi anayeliwa na fisi, na zaidi ya hadithi zenyewe, yale maswali ya mwisho: "Tumejifunza nini?" Utayajaribu kwa mtu aliyechapwa kwa kukosa swali la tatu, halafu kwa binamu yake aliyekulia na simu mkononi. Safu mbili.

Na daftari usilifunge mapema. Siku ya tano shemeji alikuwa anafunga safari, saa kumi alfajiri, sanduku limefura. Alikuwa ameomba lile toleo lenye mama wa Majengo akamwonyeshe kaka. Chupa ya shampuu ilikuwa inavuja, nikaingia jikoni nikachomoa mfuko mweusi wa taka tulifungie jarida humo. Akauangalia mfuko, akaniangalia mimi. Kenya mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, faini yake si ya mchezo.

"Shemeji," akasema, "huyu mbwa wako akishuka Mombasa atashikwa."

Akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku, na sanduku likafunga.