Daktari wa Meno, Uanze Usingizi Wako Ukiwa Bado Kliniki

Daktari wa meno mara nyingi hakoseshwi usingizi na uchovu, bali na mgonjwa ambaye hajui anaendeleaje. Damu imekoma? Ganzi ikiisha, atavumilia? Maswali hayo yajibiwe kabla hujapanda matatu.

Gego la mwisho la chini, na kila jino lenye mizizi iliyopinda, lipangie miadi kabla ya saa 5 asubuhi. Ukilianza saa 10 alasiri na mzizi ukakatika, utatoka giza limeingia, foleni ya Thika Road ikukute, na ufike nyumbani moyo bado unadunda. Acha dakika 15 wazi asubuhi na nyingine 15 alasiri kwa wagonjwa wa dharura. Bila nafasi hiyo, kuchelewa kwa mmoja huwaangukia wote wanaomfuata. Ganzi ya taya la chini ipe dakika 5 kamili. Ukiharakisha, mgonjwa ataruka kitini na ninyi wawili mtabaki na hofu.

Saa 11 jioni wapigie simu wote uliowang'oa meno siku hiyo. Anayevuja damu bado aume shashi safi iliyokunjwa, dakika 30 bila kuchungulia, na ajue aende wapi isipokoma. Kisha andika ya kesho kwenye karatasi na uiache mezani. Hatua hii usiiruke hata ukiwa hoi, kwa maana ndiyo inayokuepusha na kushtuka saa 8 usiku.

Chai ya maziwa nayo ina kafeini, na nusu ya kafeini hiyo huchukua muda wa takriban saa 5 kutoka mwilini. Kikombe cha mwisho kiwe saa 8 mchana. Pombe hukulaza upesi, kisha hukukatizia usingizi.

Ukikaa macho kitandani kama dakika 20, ondoka, keti penye mwanga hafifu, urudi tu usingizi ukikushika. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Hapa ndipo wengi huharibu: hulala hadi saa 4 asubuhi, usiku wake wakagaagaa.

Jikague kinywa pia. Taya likiuma asubuhi, au ncha za meno zikilika, huenda unayasaga usiku.

Dawa za kutuliza zilizo kabatini usijiandikie, kwani mwili huzoea diazepamu haraka. Ukikosa usingizi usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, au ukikoroma na kusinzia mchana ukiwa na sindano mkononi, mwone daktari. Kwa kukosa usingizi, muulize kwanza kuhusu tiba ya kitabia, yaani kubadili mazoea ya kulala. Hiyo hutangulia vidonge.