Kugeuza uwanja wa nyasi kuwa bustani ya mboga: anza na mizizi, mbegu baadae

Kama eneo lako lilikuwa malisho na sasa unataka mboga, kuotesha mchicha sio kazi kubwa, kazi ni kumaliza nyasi. Naongelea huku kwetu Arusha na Moshi ambako mvua za vuli zinaanza Oktoba au Novemba, kwa hyo maandalizi fanya kiangazi, Julai mpaka Septemba, jua likusaidie.

1. Jua nyasi yako kwanza. Ng'oa kidogo na mizizi yake uangalie. Mizizi mirefu myeupe yenye vifundo inayotambaa chini kwa chini, hiyo ni sangari. Ukikuta vitunguu vidogo vyeusi na bua lina pembe tatu ni ndago. Zile zinazoota kwa mafungu hazina shida, ukizigeuza mizizi juu zinakufa.

2. Pima eneo dogo, mita 5 kwa 4 inatosha sana. Bora ulisafishe kweli kuliko kukwatua robo eka juujuu.

3. Fyeka, usichome moto. Majani yasiyo na mbegu weka pembeni, yatakuwa matandazo.

4. Hapa ndo penyewe. Usiingize trekta wala pawatila kwenye sangari, inakatakata mizizi na kila kipande chenye kifundo kinachipua, yani umepanda nyasi upya. Tumia jembe lile la meno, chimba kina cha meno yote, inua bonge, likung'ute udongo na uvute mzizi mzima mzima. Anika juani mpaka ukiukunja unavunjika, na usiutupe kwenye mboji ukiwa mbichi. Subiri wiki 3 hivi, vilivyobaki vitachungulia, rudia tena. Ndago nayo chimba mpaka utoe kile kitunguu, ukivuta majani tu kinabaki chini na kinatoa mengine.

5. Samadi iwe imeiva, ndoo ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba, changanya na udongo wa juu. Watu wengi wanashangaa mboga kuwa njano kwenye ardhi mpya, sababu vijidudu vinavyoozesha mabaki ya nyasi vinachukua naitrojeni ileile mboga inayohitaji. Ndo maana msimu wa kwanza mimi nashauri maharage au kunde, hizo zinajipatia naitrojeni kutoka hewani, na upande wenye ndago weka viazi vitamu au maboga maana ndago haipendi kivuli. Sukuma wiki na chainizi zisubiri msimu unaofuata, zitakulipa vizuri.

6. Angalia sota, yani viwavi wa udongoni. Hawa wanapenda sana sehemu iliyokuwa na nyasi, usiku wanakata mche usawa wa ardhi, asubuhi unaukuta umelala. Fukua hapohapo kwenye shina utamkuta kajikunja, muue. Kata chupa za maji ziwe pete, vesha kila mche na uzamishe kidogo ardhini.

7. Nyasi itarudi kutokea pembeni, hilo lazima. Chimba mtaro wa sentimita 30 kwenda chini kuzunguka bustani yote, uache wazi usiujaze, na kila wiki pitia na panga ukate mzizi wowote unaotokeza ukutani kabla haujavuka.