Pampu ya hita inanguruma usiku: isikilize kabla hujanunua nyingine

Simu za pampu huanza kuingia mwishoni mwa Oktoba, Uingereza inaporudisha saa nyuma na watu wakawasha hita kwa mara ya kwanza tangu masika. Maneno ni yale yale: "Fundi, kuna kitu kinanguruma kwenye kabati la tenki la maji moto, mtoto halali." Nikifika, mara nyingi nakuta pampu mpya iko kwenye boksi mezani, imeshalipiwa. Nikiigusa ya zamani, mara nyingi ni nzima kabisa. Inalalamika tu.

Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaoishi kwenye nyumba hizi za matofali mekundu. Sisi tuliokulia Tanga, Mombasa au Bujumbura hatukufundishwa na wazazi kutunza hita, kwa sababu kwetu jua ndilo hita. Matokeo yake tunalipa kwa kazi ambayo mtu mwenye bisibisi, taulo na subira angeimaliza mwenyewe kwa nusu saa.

Jambo moja lielewe kwanza. Boila hupasha maji, pampu huyasukuma kwenye mabomba na redieta, yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba, kisha yanarudi boila. Ni maji yale yale yanayozunguka mwaka hadi mwaka. Ndani ya pampu, kile kipande kinachozunguka kimezama kwenye maji hayo hayo, na maji ndiyo yanayolainisha beringi zake. Haina grisi wala oili. Kwa hiyo hewa ikiingia, pampu ni kama injini isiyo na oili, na maji yakiwa machafu, oili yenyewe ni mchanga. Karibu kelele zote zinaanzia hapo.

Je, pampu yako ni ya kuguswa?

Kama una boila ya kombi, ile isiyo na tenki la maji moto, pampu imo ndani ya boila. Usifungue kasha la boila. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeandikishwa Gas Safe Register, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwezi Aprili 2009, na ana kitambulisho cha kukuonyesha. Hata hivyo hatua ya 2 na ya 3 hapa chini unaweza kuzifanya, na mara nyingi zinatosha.

Kama umepanga England, elewa kwamba sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba adumishe vifaa vya kupasha nyumba na maji vikiwa vinafanya kazi sawasawa. Rekodi kelele kwa simu, mtumie pamoja na maandishi yenye tarehe. Usikubali kununua pampu ya nyumba isiyo yako.

Wenye nyumba zao, wenye pampu nje ya boila, tuendelee.

Hatua ya 1: Sikiliza

Washa hita. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye mwili wa pampu na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kaa mbali na waya na kisanduku cha umeme. Hiki ndicho kipimo changu cha daktari, na ninakiamini kuliko kifaa kingine chochote nilicho nacho.

Ukisikia mbubujiko, kama maji yanayomiminwa kwenye chupa, hiyo ni hewa. Ukisikia mvumo mmoja ulionyooka, unaosikika zaidi sakafuni kuliko kwenye pampu yenyewe, tazama kasi na mahali bomba linapogusa mbao. Mluzi mwembamba unaoanza usiku, vyumba vikishapata joto, maana yake maji yanalazimishwa kupita njia finyu. Ukisikia kitu kinasaga, kama changarawe kwenye bakuli, beringi zimelika au kuna uchafu ndani.

Kisha hamisha bisibisi kwenye bomba lililo karibu na boila. Kama kelele ni kubwa huko na inafanana na birika linalokaribia kuchemka, pampu haihusiki: ni chokaa au matope ndani ya boila. Maji ya London yana chokaa nyingi, kwa hiyo huko naisikia mara kwa mara.

Hatua ya 2: Tazama presha, au tenki la darini

Mfumo uliofungwa, usio na tenki darini, una geji ya presha. Maji yakiwa ya baridi, mshale ukae kati ya bar 1 na 1.5. Ukiwa chini ya hapo, ongeza maji taratibu kupitia lile bomba fupi lililosukwa kwa waya wa chuma, kisha funga koki zake kabisa. Kama baada ya siku chache presha imeshuka tena, kuna mahali panapovuja. Usiendelee kujaza kila wiki: maji mapya huleta oksijeni mpya, na oksijeni ndiyo inayolisha kutu.

Nyumba za zamani zina tenki dogo darini. Panda na tochi. Nimekuta matenki makavu ambayo boya lake liliganda miaka iliyopita. Mfumo ulikuwa unavuta hewa kila pampu ilipowaka. Bonyeza boya kwa mkono, maji yaingie. Yasipoingia, umeshampata mgonjwa.

Hatua ya 3: Toa hewa kwenye redieta

Zima hita, subiri mabomba yapoe. Kutoa hewa pampu ikiwa inazunguka kunaweza kuvuta hewa zaidi ndani, na maji ya moto yanaunguza. Anza na redieta za chini, malizia za juu. Weka kitambaa, ingiza ufunguo mdogo wa redieta, zungusha robo au nusu tu kinyume cha saa. Itatoa sauti ya "sss", kisha maji. Funga. Rudi kwenye geji, maana presha itakuwa imeshuka.

Hatua ya 4: Toa hewa kwenye pampu

Pampu za zamani zenye kasi tatu zina skrubu kubwa ing'aayo katikati ya uso. Zima umeme wa hita kwenye swichi yake ya ukutani na utoe fyuzi uiweke mfukoni, ili mtu asije akaiwasha wewe ukiwa umeinama. Funika kisanduku cha umeme kwa nailoni, shika taulo chini, legeza skrubu kidogo tu. Hewa itatoka kwa mluzi, halafu matone. Kaza. Washa, sikiliza dakika tano. Mara nyingine inahitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Kama pampu ilikuwa ya moto lakini haizunguki, jambo la kawaida baada ya kulala majira yote ya joto, umeme ukiwa umezimwa toa skrubu hiyo yote. Utaona ncha ya ekseli yenye mfuo. Izungushe kwa bisibisi ndogo taratibu mpaka ilegee. Usiilazimishe. Maji kidogo yatatoka, ni kawaida.

Pampu za elektroniki za siku hizi nyingi hazina skrubu ya hewa. Hujitolea hewa zenyewe zikizunguka. Soma kijitabu chake kabla ya kufungua chochote.

Hatua ya 5: Punguza kasi

Hapa ndipo ninapopata mafanikio mengi kuliko kwingine kote. Mtu fulani, zamani, aliona chumba kimoja hakipati joto akaiweka pampu kwenye kasi ya III, ya juu kabisa. Tangu siku hiyo nyumba nzima inavuma. Nyumba ya vyumba vitatu yenye redieta nane au kumi mara nyingi inatosheka na II. Shusha hatua moja, subiri saa nzima, kisha gusa redieta iliyo mbali kuliko zote. Ikipata joto, acha hapo. Boila ikianza kugonga au kuchemka, rudisha: inahitaji maji mengi zaidi ya hayo.

Kama una koki za redieta zenye namba, zinazojifunga chumba kikipata joto, mluzi wa usiku una sababu yake. Koki saba zimefungwa, pampu inasukuma kwa nguvu ile ile kupitia mbili zilizobaki. Pampu ya elektroniki ichaguliwe ule mpango ambao nguvu inapungua maji yakipungua, si ule wa kushikilia nguvu moja. Kwa pampu ya zamani, mwite fundi arekebishe valvu ya mchepuko, inayoyapa maji njia nyingine ya kurudi.

Hatua ya 6: Tafuta mbao

Shika bomba kwa mkono kila baada ya shibiri mbili, ukitembea kutoka kwenye pampu. Kelele ikibadilika ulipolishika, umepafika. Bomba linagusa mbao ya sakafu au kibanio chake kimelegea. Kipande cha sponji au mpira kati ya bomba na mbao kinamaliza kazi. Nyumba moja nilipeleka kipande cha mkeka wa kufanyia mazoezi, na mama mwenye nyumba alilala usiku huo baada ya miezi miwili ya kuhamia sebuleni.

Hatua ya 7: Maji yana rangi gani?

Kinga kikombe cha maji kutoka kwenye redieta ya chini. Yakiwa meusi kama wino, hayo ni matope ya kutu, na yana chuma kinachonatia sumaku. Kinanatia pia sumaku iliyo ndani ya pampu za kisasa. Ndiyo maana pampu mpya ikiwekwa kwenye maji meusi huanza kusaga mapema, na mteja anamlaumu aliyeitengeneza. Nakusihi: safisha mfumo kwanza, weka chujio la sumaku, kisha tia dawa ya kuzuia kutu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kiwango cha Uingereza, BS 7593 cha 2019, kinataka chujio hilo na kinataka dawa ipimwe kila mwaka.

Hatua ya 8: Ikibidi kubadilisha

Kama bado inasaga baada ya yote hayo, beringi zimekwisha. Pampu nyingi za nyumbani Uingereza zina urefu wa milimita 130 na nati za inchi moja na nusu, kwa hiyo pampu ya kampuni ya Grundfos hukaa mahali pa ile ya Wilo bila kukata bomba. Pima yako hata hivyo.

Toa fyuzi, hakikisha kwa kipimo kwamba umeme umekatika, piga picha ya nyaya. Kama hujazoea umeme, simama hapa umwite fundi. Funga valvu zote mbili za pampu. Legeza nati moja kidogo usubiri: maji yasipokoma, valvu hazifungi, kaza tena, maana itabidi mfumo wote utolewe maji kwanza. Yakikoma, weka beseni na utoe pampu.

Kwangua mabaki ya washa za zamani, zile pete za kuzuia kuvuja, weka mpya zilizokuja na pampu. Mshale ulio mwilini uelekee yanakokwenda maji. Ekseli ilale usawa, isisimame wima, la sivyo hewa inakaa kwenye beringi ya juu. Fungua valvu, kagua kwa karatasi kavu kama panavuja, toa hewa, ndipo uwashe. Kamwe usiijaribu ikiwa kavu, hata kwa sekunde chache.

Andika tarehe kwenye mwili wake kwa kalamu ya wino mzito. Na kuanzia Mei hadi Septemba, washa hita dakika kumi mara moja kwa mwezi, isije ikaganda.