Sidii mbovu usitupe, weka kwenye mtumbwi

Wavuvi wa Kigoma, ile sidii (CD) ya bongofleva iliyokwaruzika inafaa sana kumulikia boti nyingine ije ikusaidie injini ikizima katikati ya ziwa Tanganyika mchana jua kali. Ishike karibu na jicho, upande unaong'aa uangalie nje kwenye jua, chungulia kwenye kitundu cha katikati, nyoosha mkono mwingine uachanishe vidole viwili, boti unayoiita ikae katikati ya hivyo vidole, halafu geuzageuza sidii taratibu mpaka mwanga upige kwenye vidole, hapo na kwenye boti mwanga unafika. Endelea kuitikisa ili imulike-imulike wakuone. Ila jua lenyewe usilikodolee macho jamani! Usiku haina kazi, beba tochi.

Zingine tundika kwa uzi shambani kwenye mpunga, ndege wanakimbia, ila wakishazoea basi, kwahiyo hamishahamisha.