Nani ataamua matibabu yako usipoweza kusema?

Mtu akipigwa na kiharusi usiku na kufikishwa hospitalini hajitambui, daktari huwageukia waliomleta: tumwekee mashine ya kupumua? Hapo ndipo ndugu huanza kuvutana, kila mmoja akidai anamjua mzee kuliko mwenzake.

Kwa walioko Kenya, sheria imetoa njia. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinasema mgonjwa asiyeweza kutoa idhini anaweza kuidhinishiwa na mtu aliyempa mamlaka hayo kwa maandishi. Kama hakuteua mtu, zamu huenda kwa ndugu wa karibu. Kwa hiyo la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kumchagua mtu huyo. Usiangalie nani ni kifungua mimba wala nani ana pesa. Tafuta anayeweza kusimama mbele ya ukoo mzima na kusema, "Hivi ndivyo alivyotaka," hata kama moyo wake ungependa vingine. Muulize kama anakubali, maana ni mzigo. Weka na wa pili, asije wa kwanza akawa safarini.

Wosia wa mali hautoshi, kwani huanza kazi mtu akishafariki. Andika karatasi ya peke yake yenye majina kamili, nambari za vitambulisho, tarehe, sahihi yako na mashahidi. Nakala apewe uliyemteua, nyingine iingie kwenye faili lako la hospitali. Usiifungie kabatini pamoja na hati ya shamba.

Kuhusu matakwa yenyewe, "nisiteswe" haimsaidii daktari. Taja mambo: mashine ya kupumua, mpira wa chakula puani, kusafishwa figo, kushtuliwa moyo ukisimama, kuongezewa damu. Mashahidi wa Yehova wengi hubeba kadi ya kukataa hilo la damu. Unaweza pia kukubali kitu kwa muda, kisha kiondolewe kisipoleta nafuu. Mwenye kansa au ugonjwa wa figo amuulize daktari wake maamuzi gani yako njiani, na mwenye imani azungumze mapema na shehe au mchungaji.

Kukataa mashine si kukataa kutunzwa. Andika kwamba unataka maumivu yatulizwe, kwa mofini ikibidi, na kama ungependa kuuguzwa nyumbani. Nairobi Hospice, kituo cha kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona, imekuwa ikitoa huduma hiyo tangu 1990.

Ukibadili nia ukiwa na akili timamu, andika upya, kusanya nakala za zamani uzichane, na uwaambie wote waliokuwa nazo.